Haruki, Hakimbii, Lakini Hapitiki: Je, Beki wa Akili Bado Ana Nafasi NBA?

Kama wewe ni wale wa kuamka usiku wa manane kucheki NBA kwa simu, umefunika kichwa na blanketi ndio mwangaza usiamshe watu wa nyumba, pengine unaikumbuka gemu ya Toronto na Philadelphia ya Novemba 25, 2019. Joel Embiid, senta wa Philadelphia, mwili kama kontena na miguu ya mtu wa densi, alirusha mpira mara 11 siku hiyo. Hakuna hata mmoja uliingia. Alimaliza na pointi sufuri, kitu hakikuwa kimempata tangu aanze kucheza ligi hiyo.

Sasa cheki nani alikuwa mbele yake. Si msee wa kuruka hadi kichwa kiguse ringi. Ni Marc Gasol, Mhispania wa miaka 34, ndevu, mabega mazito, anakimbia kama mtu amebeba mtungi wa gesi akipanda ngazi hadi floo ya nne. Ungempata kwa stage ungedhani ni jamaa wa hardware. Ndio, wenzake walikuja kumsaidia mara kadhaa, hiyo hatutaficha. Lakini kazi chafu ilikuwa yake: kumsukuma Embiid hatua moja nje ya pale anapendanga kupokea mpira, kukaa chini, mikono juu, na kukataa kudanganywa. Usiku mzima.

Hapo ndio mabishano huanzia kwa kila kibanda chenye mashabiki wawili wa basket. Kuna wanaosema hiyo ilikuwa zamani, siku hizi ligi imejaa vijana wa mita mbili wanakimbia kama wamefukuzwa na kanjo, na beki asiye na spidi ataliwa mapema. Kuna wengine watakuambia akili hushinda miguu, period. Mimi niko hapo katikati, lakini si katikati ya kuogopa kusema. Nafasi iko. Bei ndio imepanda, na si kila mtu mjanja ataweza kuilipa.

Tuanze na Gasol mwenyewe, juu story yake iko wazi. Familia yake ilihamia Memphis mwaka wa 2001 wakati bro yake mkubwa, Pau, aliingia NBA. Marc akasomea high school huko huko, na alikuwa mnono hadi wakambatiza Big Burrito. Alichaguliwa kwa drafti ya 2007 akiwa nambari 48, na ukijua kuna nafasi 60 pekee basi unaelewa hakuna aliyekuwa anamgonjea na maua. Miaka sita baadaye, 2013, waandishi wa habari wakampa tuzo ya Beki Bora wa Mwaka. Na hapa kuna kichekesho: mwaka huo huo makocha, ambao wakati huo ndio walikuwa wanapigia kura vikosi vya mabeki bora, walimweka kwa kikosi cha pili. Yaani beki bora wa ligi nzima hakuwa senta bora kwa difensi machoni mwa makocha. Mtu haruki, watu wanashindwa hata kumpigia kura vizuri.

Alikuwa anafanyaje? Hii ndio sehemu wengi huwa tunaruka tukicheki gemu, juu macho yetu yako kwa mpira.

Nusu ya uwanja wa NBA ni kama mita 14 kwa 15. Ndani ya hapo kuna watu 10, wengi wao wakubwa kama milango. Senta anayelinda kikapu huwa anafanya kazi kwa eneo la hatua tatu, nne hivi. Kwa hivyo difensi yake si mbio za mita 100. Ni mbio za hatua mbili, na kwa mbio za hatua mbili, anayeanza mapema anamshinda anayekimbia haraka. Ukijua mpira unaenda wapi nusu sekunde kabla uende, wewe ndio mwenye spidi hata kama magoti yako yanalia.

Chukua mchezo wa skrini, ule unaona kila dakika. Jamaa ana mpira juu pale. Mwenzake mkubwa anakuja anasimama kama ukuta, anamziba beki. Mwenye mpira anapita kando ya huo ukuta, na yule mkubwa anageuka anakimbilia kikapu kungoja pasi. Sasa senta wa timu inayolinda yuko peke yake dhidi ya wawili kwa sekunde moja au mbili. Senta wa kuruka anaweza kumrukia mmoja, akikosea anarudi kumpata wa pili hewani. Amejisahihisha na misuli. Gasol hakuwa na hiyo anasa. Yeye ilibidi asimame mahali ambapo wote wawili wanamwona, anyooshe mkono kwa njia ya pasi, apige hatua moja ya uongo kuelekea kwa mwenye mpira. Yule akiingiza baridi na kushika mpira kwa mikono miwili, Gasol tayari amerudi nyuma. Hakuna bloku, hakuna kelele, hakuna klipu ya kupostiwa. Sekunde 24 zinaisha, mpira unarushwa vibaya.

Na alikuwa anaongea. Hii watu huichukulia poa sana. Beki aliye nyuma anaona uwanja wote, wale wa mbele hawaoni kilicho mgongoni mwao. Akipiga nduru "skrini kushoto" kabla skrini haijafika, mwenzake anapita kando yake badala ya kugonga ukuta na uso. Kila uwanja wa mtaa una buda mmoja wa hivyo, viatu vimeisha soli, hasongi kutoka chini ya kikapu, mdomo haufungi, na ajabu ni kwamba timu yake ndio hukaa uwanjani jioni yote huku mbogi ya kudanki ikingoja nje.

Kabla ya Gasol kulikuwa na Shane Battier, na huyu alifanya watu wa namba waanze kuuliza maswali magumu. Mwaka wa 2009 mwandishi Michael Lewis alimwandikia makala ndefu kwa jarida la New York Times, akiwa mchezaji wa Houston Rockets. Bosi wa timu, Daryl Morey, hakuficha kwamba kwa viwango vya NBA mwili wa Battier ulikuwa wa kawaida tu. Hakuwa na stati za kuringa. Lakini akiingia uwanjani timu yake ilikuwa inacheza vizuri, na wale nyota aliowalinda walikuwa wanageuka watu wa kawaida.

Battier alikuwa anapewa faili. Kabla ya kukutana na Kobe Bryant, alikuwa anasoma Kobe hupoteza makali akiwa wapi: akienda upande wa kushoto, na akirusha ile mipira ya mbali lakini bado ndani ya laini ya pointi tatu. Basi hakujaribu kumnyima Kobe mpira, juu hiyo ni kama kuzuia mvua na karatasi. Alimsindikiza hadi pale pabaya. Kobe akiruka, Battier hakujaribu kublok, alikuwa anamwekea mkono mbele ya macho. Basi. Kobe bado angefunga nyingi, ni Kobe. Lakini ukimlazimisha achukue shuti mbaya kidogo mara 20 kwa usiku, hizo kidogo kidogo zinajumlika. Battier alienda akashinda mataji mawili na Miami Heat, 2012 na 2013.

Hadi hapo unaweza kudhani nimemaliza, akili imeshinda, twende tulale. Sasa ngoja nikupatie ile story ya Roy Hibbert, na kwangu hii ndio ya maana kuliko zote.

Hibbert alikuwa senta wa Indiana Pacers, mita 2.18, mpole, mzito. Kuruka ilikuwa shida, lakini alisoma sheria kuliko marefarii wenyewe. Sheria inasema beki akisimama ama akiruka wima, mikono juu ya kichwa chake, mshambuliaji akimgonga si faulo ya beki. Hibbert alifanya hiyo kitu kuwa kazi ya maisha. LeBron anakuja kama matatu haina breki, Hibbert anainuka wima kama mlingoti, wanagongana, refa anaangalia pembeni. Pacers wakawa na difensi ya kuogopesha.

Mei 22, 2013, gemu ya kwanza ya fainali ya Mashariki, Pacers na Miami. Muda wa ziada, zimebaki sekunde 2.2, Pacers wako juu na pointi moja. Kocha Frank Vogel anamtoa Hibbert. Sababu yake ilikuwa na maana: Miami walikuwa na Chris Bosh, mtu mkubwa anayeshuti kutoka mbali, na Vogel aliogopa Hibbert hatafika huko nje kwa wakati. LeBron akapokea mpira, akageuka, njia nyeupe hadi kwa kikapu, akaweka mpira taratibu kama mtu anaweka sukari kwa chai. 103-102. Vogel alitukanwa wiki nzima.

Lakini maze, sorora hiyo tena. Vogel hakuwa fala. Alikuwa ameona kitu mwaka mmoja kabla kila mtu akione. Msimu uliofuata Pacers walimaliza wa kwanza Mashariki, Hibbert akawa All-Star na wa pili kwa tuzo ya Beki Bora. Kisha wakapatana na Atlanta Hawks kwa raundi ya kwanza, timu iliyokuwa imeingia mtoano kwa mlango wa nyuma ikiwa nambari nane. Hawks hawakuwa na jina kubwa. Walichokuwa nacho ni watu wakubwa wa kurusha tatu: Pero Antic, Mike Scott, Paul Millsap. Wakamweka Antic kwa laini ya pointi tatu, wakamwambia Hibbert, kuja hapa nje. Akienda, kikapu kinabaki bila askari. Akibaki, Antic anarusha. Gemu ya tano Hibbert alimaliza na pointi sufuri na ribaundi sufuri. Pacers walipita kwa gemu saba kwa shida, lakini siri ilikuwa imetoka nje. Mwaka wa 2015 walimpeleka Lakers. Kufikia mwisho wa msimu wa 2016-17 alikuwa ametoka NBA kabisa, na alikuwa na miaka 30 tu.

Hakusahau chochote. Sheria alizokuwa anazijua ziko vile vile hadi leo. Ujuzi wake wote ulikuwa umejengwa chini ya kikapu, na mchezo ukahama ukaenda kuishi barabarani. Msimu wa 2012-13 timu moja ilikuwa inarusha kama tatu 20 kwa gemu. Msimu wa 2024-25 zilikuwa zimepita 37. Ongeza na zile sheria za mwanzo wa miaka ya 2000: tangu msimu wa 2001-02 beki haruhusiwi kukaa ndani ya peinti zaidi ya sekunde tatu kama halindi mtu wa karibu, na kuanzia 2004-05 marefarii wakakaza ile tabia ya kumshika mshambuliaji na mkono akiwa mbali na kikapu. Uwanja ni ule ule, lakini kwa beki mzito umekuwa kama umepanuliwa mara mbili.

Na timu zikajifunza kuwinda. Siku hizi mshambuliaji hatafuti nafasi, anatafuta mtu. Anaangalia watano walio mbele yake, anauliza nani ndio mguu mzito, kisha anaita skrini na yule anayelindwa na huyo msee. Mabeki wakibadilishana watu, basi mguu mzito amejipata peke yake na simba, mita tisa kutoka nyumbani. Anarudiwa hiyo kitu tena na tena hadi kocha amtoe.

So mbona bado kuna wazito wanaosurvive? Juu kuna makocha waliofikiria.

Cheki Brook Lopez. Alipokuwa Brooklyn Nets alijulikana kwa kufunga, si kwa difensi. Akafika Milwaukee 2018, na Bucks wakampa kazi moja: kaa nyuma. Skrini ikija, yule beki mdogo anamfukuza mwenye mpira kutoka nyuma, Lopez anarudi karibu na kikapu anangoja. Tatu hakuna, juu beki mdogo yuko mgongoni. Kikapu hakuna, juu Lopez amejaa pale kama ng'ombe kwa lango. Kinachobaki ni shuti ya katikati, ile ambayo hata ikiingia hailipi sana. Yaani timu nzima imejengwa ndio mtu mmoja asikimbie. Walishinda taji 2021. Mwaka wa 2023 Lopez akiwa na miaka 35 alikuwa wa pili kwa Beki Bora, nyuma ya Jaren Jackson Jr., kijana wa kuruka kweli kweli.

Lakini hata 2021 kulikuwa na saa za jasho. Gemu ya kwanza ya fainali na Phoenix, Bucks walijaribu kubadilishana watu kwa skrini, Chris Paul akajipata mara nyingi mbele ya wakubwa kama Lopez na Bobby Portis, akaondoka na pointi 32. Bucks wakapoteza mbili za kwanza. Wakarudi kwa mfumo wa kukaa nyuma, na wakashinda nne mfululizo. Lopez ni yule yule kwa gemu zote sita. Kilichobadilika ni kama aliombwa afanye anachojua ama asichojua.

Kisha kuna Nikola Jokic, na hapa najua nagusa waya. Wengi wenu mnaamini hawezi kulinda hata mlango wa duka. Alichaguliwa nambari 41 mwaka wa 2014 wakati TV ilikuwa inaonyesha tangazo la Taco Bell. Gasol alikuwa burrito, huyu akapatikana kwa taco. Sijui ni nini na wazito wa NBA na chakula cha Mexico.

Jokic hawezi kublok kama wengine na hajaribu. Silaha yake ni mikono. Anasoma pasi kabla itoke, anaigusa na vidole, msimu wa 2024-25 alikuwa na wastani wa kunyang'anya mipira 1.8 kwa gemu, na hiyo kwa senta si mchezo. Na miguu pia anatumia, si kukimbia, ni kupiga. Pasi ikipita chini karibu naye ikienda kwa mtu aliye wazi kabisa, anaizuia na mguu makusudi. Hiyo ni makosa, lakini adhabu yake ni ndogo: hakuna faulo anayoandikiwa, timu nyingine inarudishiwa mpira nje ya laini, na saa ikiwa chini ya 14 inapandishwa hadi 14. Amebadilisha pointi mbili za uhakika na shambulizi linaloanza upya. Ukiifikiria vizuri ni ujambazi halali, na mimi huicheka kila mara.

Ila Denver hawakushinda taji la 2023 kwa sababu Jokic alikuwa ukuta. Walishinda, wakachapa Miami 4-1, juu Jokic alikuwa anatoka juu kukutana na mwenye mpira kwa skrini, na nyuma yake kulikuwa na miguu ya Aaron Gordon na Kentavious Caldwell-Pope ikijaza kila pengo aliloacha. Gasol huko Memphis alikuwa na Tony Allen na Mike Conley mbele yake. Hii ndio siri wanaopenda story ya akili huwa wanailenga: mtu wa kufikiria anahitaji watu wa kukimbia karibu naye. Mweke Jokic na wazito wengine wawili, halafu uone vile akili itakuwa inakimbizwa.

Na kuna kitu kingine. Akili ya kushambulia haimaanishi akili ya kulinda. Luka Doncic anaona pasi ambazo mimi na wewe tungehitaji drone kuziona. Si mwepesi wa kuruka, ni mkubwa, ana mikono mizuri. Kwa karatasi ana kila kitu Gasol alikuwa nacho, kuacha urefu. Fainali za 2024 Boston walimwinda bila huruma, na gemu ya tatu alipata faulo ya sita zikiwa zimebaki dakika 4 na sekunde 12, akaenda benchi kutazama Dallas wakipoteza 106-99. Upande ule mwingine alikuwepo Al Horford, miaka 38, msimu wake wa 17, magoti ya babu, anabadilishana watu na kusimama mahali pake kila mara kabla mpira ufike. Huyo ndiye aliondoka na pete.

Februari 2025 Dallas wakamuuza Luka kwa Lakers wakamchukua Anthony Davis, na bosi wao Nico Harrison akasema difensi ndio hushinda mataji. Jiji lilikaribia kuchomeka. Novemba mwaka huo huo Harrison akafutwa. Mimi sidhani alikosea kuhusu difensi, alikosea kuhusu bei. Lakini tofauti ya Luka na Horford haikuwa spidi. Kufikiria kwa difensi kunachosha kama kukimbia. Lazima uangalie mtu wako, mpira, na yule aliye nyuma ya mwenzako, kila sekunde, mara mia kwa usiku, na hakuna anayekupigia makofi. Luka ananunua vitu vingine na hiyo nguvu.

Hapa lazima pia niwe mkweli kuhusu hili neno "mwili wa kawaida". Wengi tunaowaita wazembe wa mwili wana kitu wamekificha. Kyle Anderson, jamaa wanamwita Slow Mo kwa vile anatembea kama video imekwama, amekaa NBA tangu San Antonio wamchague nambari 30 mwaka wa 2014. Haruki, hakimbii. Lakini ana mikono mirefu ajabu, na mkono mrefu ni spidi ambayo umezaliwa nayo. Gasol alikuwa na kilo na makalio ya kusukuma lori. Lopez ana urefu. Kwa upande mwingine usidanganywe na upara wa Alex Caruso. Anakaa kama mhasibu wa SACCO, hakuchaguliwa na timu yoyote kwa drafti ya 2016, lakini huyo msee anaruka na kukimbia vizuri sana. Mei 18, 2025, gemu ya saba ya Oklahoma City na Denver, yeye wa mita 1.96 alipewa kazi ya kumlinda Jokic, akamzunguka kwa mbele kumnyima pasi kabla ya kupokea, na wakubwa wakangoja nyuma. Oklahoma wakashinda 125-93. Hiyo si akili dhidi ya mwili. Ni akili na mwili kwa mtu mmoja.

Kwa hivyo anayekosa kabisa nafasi ni nani? Ni mdogo, mzito wa miguu, mwenye mikono mifupi. Huyo hata akiwa profesa wa basket atawindwa hadi arudi kwao. Kwa kina senta bado kuna kazi, juu kikapu hakijahama na mtu lazima akae pale. Kwa wachezaji wa pembeni, wa katikati, ukikosa spidi lazima uwe na mikono ama mabega.

Kinachonipa wasiwasi ni Victor Wembanyama. Mfaransa wa mita 2.2 na ushee, na mwaka wa 2024 akawa mchezaji wa kwanza kabisa wa msimu wa kwanza kuingia kikosi cha kwanza cha mabeki bora. Zamani wazito walikuwa wanaishi kwa kosa la wepesi: mwepesi anaruka kila kitu, anadanganywa, mzito anasimama na kungoja. Sasa wepesi wanakaa na tablet wakisoma video kwa ndege, wanajua Kobe wa leo hupoteza makali upande gani kabla wavae viatu. Mtu wa mwili ule akianza kufikiria kama Gasol, sijui burrito anayefuata, yule kijana wa drafti nambari 48, ataitwa na nani.

Ukitaka kujua mwenyewe, usiku wa gemu ijayo fanya hivi kwa robo moja tu. Acha mpira. Chagua senta mmoja, uangalie miguu yake pekee. Hesabu mara ngapi amesonga kabla pasi itoke, na mara ngapi amesonga baada. Utashangaa ni nani kwa hao wawili ana spidi.